Maji ya ngamani

Nilipokuwa mdogo Pangani tulikuwa na mchezo wa kuhesabu. Nyuma ya nyumba ya bibi kulikuwa na ghala la kuwekea nazi na nyavu, halina dirisha, kuta zake nene za mawe ya matumbawe. Tulikuwa tukijifungia humo mpaka macho yazoee giza, mpaka uanze kuona mafundo ya nyavu zilizotundikwa ukutani, kisha mmoja anasukuma mlango na sote tunatoka mbio hadi mchangani, jua la saa saba liko utosini. Kinachofuata kila mtu anakijua: weupe mtupu, machozi, macho yanafumba yenyewe. Hapo ndipo unapoanza kuhesabu. Moja, mbili, tatu. Atakayeona mtumbwi mtoni kwa hesabu ndogo ndiye mshindi.

Wakubwa walituambia ni mboni inayojibana. Ni kweli, lakini ni kweli ndogo sana. Mboni ya mtu ikiwa wazi kabisa ina upana wa milimita 8, ikijibana inabaki 2. Ukipiga hesabu ya eneo, imepunguza mwanga mara 16 basi. Kati ya giza la lile ghala na mchanga wa saa saba tofauti ni maelfu kwa maelfu. Kazi iliyobaki inafanywa na nani? Swali hilo lilinikaa kichwani miaka mingi, na jibu lake ndilo lililonipeleka kusomea fiziolojia. Jibu ni kalsiamu. Siyo ile ya mifupa na meno tunayoambiwa tuitafute kwenye maziwa na dagaa, bali kiasi kidogo mno kinachoelea ndani ya seli za neva za retina, ule utando mwembamba ulio nyuma ya jicho.

Kwanza niseme jambo moja nililofundishwa vibaya sekondari. Niliandika kwenye mtihani kwamba mwanga ukigonga seli ya retina, seli inaamka na kupeleka habari, na nikapewa alama. Kumbe ni kinyume. Seli zinazopokea mwanga, yaani vijiti vya kuonea gizani na koni za kuonea mchana na rangi, hufanya kazi zaidi gizani. Kwenye giza totoro milango midogo kwenye ngozi ya seli iko wazi, sodiamu na kalsiamu zinaingia, umeme unapita, na mwisho wa seli unamwaga glutamati, kemikali inayopeleka habari kwa seli inayofuata, bila kupumzika, sekunde baada ya sekunde, usiku kucha. Mwanga ukifika, milango inafungwa. Umeme wa seli unashuka kutoka milivolti 40 hivi chini ya sifuri hadi karibu 70 chini ya sifuri, na glutamati inapungua. Kwa seli hizi, kuona ni kunyamaza. Jicho la binadamu lina vijiti kati ya milioni 90 na 120, na vyote hivyo, ukizima taa ukalala, vinachapa kazi kuliko mchana.

Nilipoelewa hivyo nilimkumbuka mjomba wangu na mashua yake.

Mashua ya mbao haikosi kuvuja. Hata ikalafatiwe vizuri namna gani, maji yatapenya kati ya mbao na kujikusanya chini kabisa, kwenye ngama. Kwa hiyo siku zote kuna mtu wa kufua maji, yaani kuyateka na kuyamwaga nje, na nilipokuwa na miaka tisa au kumi mtu huyo nilikuwa mimi, na upo wangu wa mti, chombo cha kufulia. Mwanzoni nilikuwa nikihangaika na mahali panapovuja, nagusa kila ufa. Mjomba akaniambia, "Usitazame yanayoingia, mwanangu, yale huyawezi. Tazama yaliyobaki ngamani." Yeye mwenyewe, akiwa ameshika usukani, alikuwa akitupia jicho ngamani kila baada ya muda. Kina cha maji pale chini ndicho kilichomwambia hali ya chombo kizima.

Kijiti cha retina ni mashua ya namna hiyo. Nje ya seli kalsiamu ni nyingi, ndani ni chache. Katika seli za neva kwa jumla nje huwa zaidi ya mara 10,000 ya ndani. Gizani inavuja ndani kupitia milango ile ile iliyo wazi. Anayefua ni protini iliyopachikwa kwenye ngozi ya seli. Haitumii nguvu yake yenyewe: inaruhusu ioni 4 za sodiamu ziingie, na kwa msukumo wa kuingia kwao inatoa kalsiamu 1 pamoja na potasiamu 1. Upo mmoja, tena upo mmoja, bila kukoma. Kuvuja na kufua kukilingana, kina ngamani kinatulia mahali pamoja.

Sasa mwanga unapiga. Milango inafungwa, kuvuja kunakatika ghafla, lakini mfuaji hajui. Mwanzoni anaendelea kufua kwa kasi ile ile. Kina kinashuka haraka, na katika mwanga mkali kinafika chini ya moja ya kumi ya kile cha gizani. Na hapo ndipo penye siri yote ya mchezo wetu wa mchangani, kwa sababu seli inasoma kina hicho. Milango inashikiliwa wazi na molekuli iitwayo cGMP, ambayo mwanga unasababisha ivunjwe. Kimeng'enya kinachotengeneza cGMP mpya kinalindwa na protini ndogo, GCAP. Kalsiamu ikiwa nyingi, GCAP imeishika, na kimeng'enya kimetulizwa. Kalsiamu ikipungua, inaachia, magnesiamu inachukua nafasi yake, na GCAP ile ile inageuka kuwa msukumaji: cGMP inatengenezwa kwa wingi, sehemu ya milango inafunguka tena ingawa jua bado linawaka. Wakati huohuo protini nyingine, rekavarini, nayo ikiachwa na kalsiamu inaruhusu molekuli zilizopigwa na mwanga zizimwe mapema zaidi. Seli iliyokuwa imezidiwa inapata pumzi. Inaweza tena kutofautisha mchanga na mtumbwi.

Hayo yote yalikuwa yakipita machoni mwetu kati ya moja na kumi.

Niliyaona kwa karibu baadaye, Ulaya, katika maabara ambamo kazi ilifanywa gizani. Chura anakaa gizani usiku mzima, asubuhi unatoa retina yake chini ya taa nyekundu hafifu, unaiweka kwenye kikombe kidogo chenye maji ya chumvi, unapima umeme wake inapomulikwa. Miezi kadhaa nilikuwa sijawahi kuona rangi ya kile ninachokishika, maana chini ya taa nyekundu kila kitu ni chekundu. Siku moja mwalimu wangu, mama wa makamo asiyependa kupoteza hata tone, aliniambia niwashe taa ya kawaida kwa retina moja iliyokwisha kazi yake. Ikawa ya waridi, rangi ya juisi ya rozela iliyozimuliwa maji mengi, laini kama ngozi ya ndani ya yai. Halafu mbele ya macho yangu ikaanza kufifia. Waridi likawa machungwa mepesi, machungwa yakawa manjano, kisha ikabaki kitu kisicho na rangi. Franz Boll aliliona jambo hilohilo kwenye retina ya chura mwaka 1876. Nilisimama pale nimeshika koleo, na nilijua ninachokitazama ni rangi inayopokea mwanga ikimalizwa na mwanga ule ule ninaoutumia kuitazama.

Wiki chache baada ya hapo niliharibu kazi ya siku nzima, na ile ajali ndiyo iliyonifundisha kuliko kitabu chochote.

Retina nzima ikimulikwa, mchoro wa umeme wake una sura inayojulikana. Kwanza unashuka kidogo; mteremko huo ni wa vijiti na koni zinazonyamaza. Kisha unapanda mlima mkubwa, na huo ni wa seli za pili, zinazopokea habari kutoka kwa zile za kwanza. Siku hiyo mteremko ulikuwa shimo refu kuliko nililowahi kuona, na mlima haukuwepo. Nilibadilisha waya, nikabadilisha retina, nikapunguza mwanga. Shimo likabaki shimo. Mwalimu alipoingia akautazama mchoro kwa muda, hakugusa kifaa chochote, akauliza swali moja tu: "Kalsiamu umeweka?"

Sikuwa nimeweka. Nilipochanganya maji ya chumvi asubuhi niliruka kopo moja.

Tukaketi gizani akanieleza, na sauti yake siisahau. Nje hakuna kalsiamu, kwa hiyo hakuna kinachovuja ndani, lakini mfuaji anaendelea kutoa. Ngama imekauka. Seli inasoma ngama kavu, inaamini iko kwenye jua kali, inatengeneza cGMP kwa nguvu zake zote na kufungua milango mingi kuliko kawaida ya gizani, na sodiamu inaingia kama mafuriko. Ukija kumulika, kuna umeme mwingi mno wa kukata, ndiyo maana ya shimo. Na ule mlima? Ule unahitaji seli ya kwanza imwage glutamati, na kumwaga glutamati kunahitaji kalsiamu iingie mwisho wa seli. Haipo. Seli za pili zilikaa zikisubiri habari ambayo haikutumwa.

Kilichonishika ni hiki: seli ile ilikuwa gizani. Hakukuwa na jua lolote. Ilidanganyika kwa sababu yenyewe haiujui mwanga uliopo nje. Inachokijua ni kina cha maji ngamani.

Si mimi wa kwanza kujifunza kwa kopo lililosahaulika. Sydney Ringer, daktari wa London, alikuwa na maji yake ya chumvi ambamo moyo wa chura uliendelea kudunda vizuri, akadhani yametengenezwa kwa maji safi yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke. Kumbe yalikuwa maji ya bomba ya London, ambayo yana kalsiamu. Alipotumia maji safi kweli, moyo ulidhoofika na kusimama. Alichapisha masahihisho yake mwaka 1883, bila kuficha kosa, na kuanzia hapo watu wakaanza kuiona kalsiamu kama kitu kinachoendesha seli na siyo kujenga mifupa tu.

Kwenye retina yenyewe kosa lilikuwa kubwa zaidi, na lilidumu miaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 William Hagins wa Marekani, mtu aliyekuwa ameupima kwa ustadi umeme ule wa gizani, alipendekeza kwamba kalsiamu ndiye mjumbe: mwanga unaifungulia ndani ya kijiti, nayo inakwenda kuziba milango. Kwa maana hiyo, mwanga ungeiongeza kalsiamu. Lilikuwa wazo zuri, na lililingana na vipimo vingi vya wakati huo. Mwaka 1985 Evgeny Fesenko na wenzake huko Pushchino, kusini mwa Moscow, walionyesha kwamba kinachofungua milango moja kwa moja ni cGMP. Kalsiamu ikavuliwa ujumbe. Lakini je, mwangani inapanda au inashuka? Hilo lilihitaji kuiona.

Na hapa kuna mtu ambaye kila nikimfikiria natulia kidogo. Osamu Shimomura alikuwa na miaka 16 tarehe 9 Agosti 1945, akifanya kazi kiwandani Isahaya, jirani na Nagasaki. Alikuwa amekwisha kukaa mahali pake pa kazi mwanga ulipopenya madirishani. Alisimulia kwamba hawakuona kitu kwa muda wa kama sekunde 30. Vijiti na koni za kijana yule, kalsiamu yake imeshuka chini kabisa, zikijitahidi kurudi. Miaka 16 baadaye, mwaka 1961, alikuwa Friday Harbor, pwani ya magharibi ya Marekani, akikamua viwavi vya baharini, yaani konyeza, wanaong'aa, karibu 10,000 kwa kiangazi kimoja, kutafuta kinachowang'arisha. Alimwaga mabaki kwenye sinki lililokuwa likipokea maji ya bahari, na sinki likamemeta mwanga wa buluu. Kilichokuwa ndani ya maji ya bahari ni kalsiamu. Protini aliyoitoa kwa viumbe hao, ekworini, inang'aa inaposhika kalsiamu. Mwaka 1986 Peter McNaughton na wenzake waliiingiza protini hiyo kwenye vijiti vya salamanda, mnyama wa jamaa ya chura, wakamulika, na mng'ao ukafifia. Kalsiamu inashuka. King-Wai Yau na Kei Nakatani walikuwa wamefika hukohuko mwaka uliotangulia kwa njia nyingine, kwa kupima umeme wa mfuaji mwenyewe.

Julai 1988 jarida la Nature lilichapa makala tatu zinazofuatana, ukurasa wa 64 hadi 71. Ya kwanza, ya Koch na Stryer, ilionyesha kimeng'enya cha cGMP kikiamka kalsiamu inaposhuka. Mbili zilizofuata, moja ya kundi la Matthews, Murphy, Fain na Lamb, nyingine ya Nakatani na Yau, zilifanya jaribio ambalo ningetamani kila mwanafunzi alione: waliizuia kalsiamu isibadilike. Walizuia kuvuja na wakamzuia mfuaji, wote kwa pamoja, kina kikabaki palepale. Seli ikaendelea kuuona mwanga, lakini ikapoteza uwezo wa kuuzoea. Mwanga wa kawaida tu uliijaza ikawa haina la kusema zaidi. Kwa mchezo wetu wa Pangani, ni mtoto anayehesabu asifike mwisho.

Huo ni upande mmoja wa seli. Upande wa pili, kule kwenye kumwaga glutamati, kalsiamu ile ile ina maana tofauti kabisa, na milango yake ni mingine. Pale inaingia kupitia milango inayofunguliwa na umeme, ya aina isiyochoka haraka, kwa sababu gizani lazima ikae wazi muda wote. Mfuaji wa huku naye ni mwingine: pampu inayotumia nishati ya seli. Kati ya pande hizo mbili kuna mitokondria, viwanda vya nishati vya seli, zilizosongamana, nazo hufyonza kalsiamu inayopita. Kwa hiyo kijiti kimoja, chembamba kuliko unywele, kina ngama mbili zenye hesabu mbili. Maumbile yakikosea kwenye upande mmoja, athari hazifanani na za upande wa pili. Jeni iitwayo CACNA1F, inayotengeneza milango ya huku mwisho, iko kwenye kromosomu X. Mwaka 1998 makundi mawili ya watafiti yaligundua kwamba hitilafu zake zinaleta aina ya upofu wa usiku wa kuzaliwa nao, hasa kwa wanaume. Seli ziko, zinapokea mwanga, lakini habari haivuki vizuri. GCAP ikiharibika, mambo ni mazito zaidi: kuna aina ambayo haitii kalsiamu, inasukuma cGMP hata ngama ikiwa imejaa, na koni zinakufa kidogo kidogo mtu akiwa mtu mzima. Zinazama.

Kuna seli nyingine ya retina ambayo siwezi kuiacha, ingawa haipokei mwanga. Ni seli ya amakrini yenye umbo la nyota iliyolipuka, mikono imetawanyika pande zote. Kwa muda mrefu watu walitaka kuiangalia kalsiamu yake lakini kulikuwa na kikwazo: kuiona kalsiamu ni lazima umulike, na retina ukiimulika inaona. Mwaka 2002 Thomas Euler, Peter Detwiler na Winfried Denk, wakitumia retina ya sungura, waliimulika kwa leza ya mwanga usioonekana, ulio chini ya wekundu, kwa hadubini ya aina ambayo Denk alishiriki kuibuni mwaka 1990. Wakaona kwamba kitu kikisogea kutoka katikati ya seli kuelekea ncha ya mkono, kalsiamu ya mkono huo inapanda sana; kikirudi, inapanda kidogo. Na kila mkono unajitegemea. Seli moja, lakini mkono wa kulia unajibu habari ya kulia na wa kushoto ya kushoto, kwa wakati mmoja, kila mmoja na ngama yake. Kunguru akikatiza mbele ya sungura, habari ya alikoelekea haisubiri kufika kwenye ubongo. Hesabu ya kuelekea imeshaanza jichoni.

Mwaka jana nilikwenda Pangani. Mashua ya mjomba imeuzwa, lakini upo wa mti bado uko, umetundikwa barazani. Nikampa shikamoo, tukakaa, akaniuliza hasa ninasomea nini huko kwenye giza. Nikamweleza kama nilivyoeleza hapa, kwa mashua. Alisikiliza hadi mwisho, mkono umeshika kidevu.

"Na huyo mfuaji," akauliza, "usiku analala?"

"Halali, Mjomba. Usiku ndio anafua zaidi."

Akanyamaza. Kisha akafumba macho, akayafunika kwa viganja vyote viwili, akakaa hivyo muda mrefu mpaka nikadhani amesinzia. Nje jua lilikuwa limeshika maji ya mto, linakata. Akaondoa viganja, akageuza uso kuelekea mtoni na kufumbua.

"Moja," akasema. "Mbili. Tatu. Nne."